Wasomaji wa Mtetemo

Ufundi wa kusoma tetemeko la ardhi kwa jicho unatoweka, na hakuna aliyeuwekea matanga. Zamani sindano ilichora mstari juu ya karatasi iliyopakwa masizi, na msomaji akauinamia na rula na kioo cha kukuzia, akitafuta mahali mstari ulipoanza kushtuka. Akikosea sekunde moja hapo, hesabu yake ya kina cha mwamba hupotea kwa kilomita nyingi.

Bingwa wa wasomaji hao alikuwa Andrija Mohorovičić wa Kroatia, mwana wa mhunzi wa nanga. Tarehe 8 Oktoba 1909, bonde la Kupa, karibu na Zagreb, lilitikisika. Akakusanya karatasi za vituo vya kupimia matetemeko vya Ulaya, akazilinganisha moja moja, na humo akaona jambo: wimbi la kwanza lilifika mara mbili. Moja lilipita juu kwa juu. La pili lilizama, likakuta mwamba mgumu zaidi, likaenda kasi na kuwahi vituo vya mbali ingawa lilizunguka. Kwa tofauti ya sekunde chache alikadiria kwamba ganda la dunia linakoma kwenye kina cha kilomita 54 hivi. Hakuchimba hata shimo. Mpaka huo unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Warithi wake walikwenda Himalaya. Kati ya 2002 na 2005 walitega vyombo kutoka Nepal hadi Tibet, wakangoja mawimbi ya matetemeko ya mbali yapite chini yao. Mwangwi wake ulionyesha bamba la India likijisukuma chini ya Tibet, na mpaka wa Mohorovičić umedidimia kilomita 70 na zaidi.

Siku hizi kompyuta huchambua maelfu ya mawimbi kabla chai haijapoa. Ni neema. Ila kompyuta hutafuta ilichoagizwa. Mohorovičić aliona kitu ambacho hakuna aliyemtuma kukitafuta.

Wala milima ya Himalaya haina haraka. Tetemeko kubwa liliipiga Nepal mwaka 1934, jingine 2015. Sauti ya lile la kwanza imo kwenye karatasi tu, na karatasi za enzi hizo zinaliwa na unyevu, au hutupwa ofisi inapohama. Wenye vituo, zipigeni picha kabla hazijaoza, na mfundisheni walau kijana mmoja kuzisoma.