Pongezi kwa Fundi wa Mkanda

Mpunga, ambao Waungwana, yaani Waswahili wa zama za mfanyabiashara Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, waliuacha katika ardhi ya Kisangani, ungali hata leo riziki ya watu wa Yanonge, ukingo wa kushoto wa Mto Kongo. Na baina ya mpunga huo na sufuria amesimama mtu tusiyemshukuru ipasavyo, naye ni fundi wa mashine ya kukoboa.

Feni ipepetayo makapi huendeshwa kwa mkanda, na mkanda una tabia yake. Ukilegea huteleza juu ya puli, ukapata moto na kulia, feni ikapungukiwa na mwendo, na mchele ukatoka umechanganyika na makapi. Ukikazwa kupita kiasi haulii, lakini beringi huliwa kimyakimya, na hasara hiyo ndiyo kubwa zaidi. Kwa hiyo fundi huzima injini kwanza, akanyoosha uzi kando ya puli zote mbili athibitishe kwamba zimelingana, kisha akaubonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba: ikiwa nafasi baina ya puli ni mita 1, mkanda uitike kiasi cha milimita 16, basi. Sijapata kuona adabu ya mkono iliyozidi hiyo. Na kwa kuwa mkanda mpya hunyooka baada ya siku moja au mbili za kazi, hurudi kuukaza bila kuitwa.

Nawe mama uliyeleta gunia lako, ukikuta mashine imezimwa, tafadhali usimhimize.