Mbegu ya mu bahasha



Kitabu ninachotaka kukizungumzia leo kilitoka mwaka 1970 kule Marekani. Wengi wetu hatujaona hata jalada lake, lakini tunakisikia kila siku ya yenga. Mwandishi ni Oral Roberts, muhubiri wa Oklahoma, na kitabu kinaitwa The Miracle of Seed-Faith. Nilikisoma kwa simu, pole pole, na Kiingereza changu cha kutafutiza. Fundisho lenyewe ni la hatua tatu: ujue kwamba Mungu ndiye chanzo cha kila kitu chako, utoe kwanza, halafu ungojee muujiza. Ile sadaka inaitwa mbegu. Toka pale neno lilisafiri, likafika mpaka Walungu, kwa mama yangu.

Nasema wazi: mimi ni muumini, na sikuandika hii ili kucheka watu wanaosali. Lakini nilifanya miaka mitano ya agronomi, memwari yangu ilikuwa juu ya maharagi, na mtu akisema «mbegu» mbele yangu nina haki ya kumuuliza maswali. Ya kwanza: mbegu ya aina gani? Ya pili: unaipanda mu shamba la nani?

Tuanze na hesabu, maana wahubiri wanapenda ile namba ya mara mia. Maharagi mafupi unapanda kilo 80 mpaka 100 kwa hekta. Mkulima wa kwetu asiye na mbolea, mvua ikiwa nzuri, anapata kilo 600 au 800. Hiyo ni mara saba, mara nane, na pale watu wanashukuru Mungu kweli kweli. Mahindi ni mazuri zaidi: kilo 25 tu zinatosha hekta, na hata shamba dhaifu linaweza kukupa kilo 800 au tani nzima. Mpaka mara 40. Kwa hiyo siyo kwamba kuzidisha ni uongo. Udongo unazidisha kila mwaka mbele ya macho yetu. Lakini unazidisha kwa sababu kati ya kupanda na kuvuna kuna palizi, kuna miezi mitatu ya kuinama, kuna samadi, kuna mtoto anayefukuza ndege. Mu kitabu cha Roberts ile katikati haionekani sana. Kuna kutoa, kuna kungojea. Kwangu mimi hii ni kosa kubwa la mfano wenyewe: ameazima mbegu kwa mkulima, ameacha jembe.

Na kuna jambo lingine linaloniumiza zaidi. Mbegu isipoota, sisi tunafanyaje? Tunachukua punje 100, tunazilaza juu ya kitambaa kilicholowa, tunahesabu kisha siku saba. Zikiota chini ya 80, tunasema mbegu ni mbaya, tunamrudia aliyetuuzia. Hatumuulizi mkulima kama alikuwa na imani ya kutosha wakati wa kupanda! Lakini mu mahubiri ya siku hizi ni kinyume: bahasha isipozaa, kosa ni la aliyetoa. Alikuwa na mashaka, alitoa kwa shingo upande, ana dhambi iliyofichika. Aliyeuza mbegu hapimwi hata siku moja. Roberts mwenyewe, mu Januari 1987, alitangaza kwamba asipopata dola milioni 8 mbele ya mwisho wa Machi, Mungu atamwita mbinguni. Pesa zilipatikana. Miaka miwili kisha pale, 1989, hospitali kubwa aliyoijenga Tulsa ilifungwa. Kwa kipimo chake mwenyewe ningeuliza: nani alikosa imani pale?

Sasa Biblia. Katika mfano wa mpanzi, Luka sura ya 8, Yesu mwenyewe anafasiria: mbegu ni neno la Mungu, na udongo ni moyo wa anayesikia. Pesa haimo. Wanataja pia Wakorinto wa pili, sura ya 9, pale Paulo anasema juu ya anayepanda haba na anayepanda sana. Soma sura mbili, ya 8 na ya 9, usichukue mstari mmoja: Paulo anakusanya msaada kwa ajili ya wakristo wa Yerusalemu waliokuwa na shida. Pesa inatoka kwa wenye nacho, inakwenda kwa wasio nacho. Kwetu imegeuzwa: inatoka kwa mama wa Walungu, inapanda gari.

Najua mwenzangu mmoja wa sosyoloji atanijibu na Max Weber, kwamba dini njo ilitajirisha Waprotestanti wa Ulaya. Sawa, lakini Weber, mu 1904 na 1905, hakuandika juu ya watu waliotoa ili wapate. Wale Wakalvini waliamini Mungu alishaamua toka zamani nani ataokoka, sadaka haiwezi kubadilisha kitu. Walifanya kazi, hawakula anasa, faida waliirudisha mu kazi. Tena mu 2009 Becker na Woessmann walirudilia takwimu za Prussia ya karne ya 19, wakaonyesha kwamba tofauti ile ya utajiri inaweza kuelezwa na masomo: Luther alitaka kila mtu ajisomee Biblia, basi watoto wakajua kusoma. Hapa Kivu tunalielewa bila profesa. Nani kati yetu hakupita mu shule ya misheni?

Narudi kwa mama.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tisa, alikuwa amegawa pesa za AVEC yake na kuweka dola 50 pembeni. Tulishapanga mimi naye: kilo 40 za mbegu safi, nusu hekta, tupande mvua ya kwanza ikishika. Nikafika juma mosi na kamba ya kupimia mistari. Dola 50 zilikuwa zimeingia mu bahasha, mu kampeni ya siku tatu ya kanisa moja ambalo sitalitaja. Muhubiri alikuwa amesema mwenye kutoa mbegu ya msimu atavuna ya mwaka. Mama alimuelewa vizuri kabisa, alikuwa na mbegu ya msimu mkononi.

Nilikasirika. Nilisema maneno ambayo mtoto hasemi kwa mama yake. Tulikopa kwa jirani kilo 25 za maharagi ya kula, rangi zote pamoja, tukapanda tumechelewa, mvua kubwa ikaozesha mistari ya chini. Tulivuna kilo 120 na kitu, tukatoa deni.

Kwa muda mrefu nilidhani mama alidanganywa, basi. Kisha nikasoma utafiti wa Emmanuelle Auriol na wenzake, uliotoka 2020 mu jarida Quarterly Journal of Economics. Walikwenda Accra, kwa waumini wa kanisa la Kipentekoste. Wengine waliwapa bima ya mazishi bure, wengine hapana, kisha wakawapa pesa kidogo wachague: kubaki nayo au kuitoa. Waliopata bima walitoa pungufu kwa kanisa. Niliacha simu, nikatoka nje. Maana yake wale watu hawakuwa wajinga. Walikuwa wananunua bima mahali pekee inapouzwa.

Jaribu kuhesabu bima za mkulima wa Walungu. Mosaiki ilimaliza mihogo yake, mnyauko ukaja ukamaliza ndizi, mtoto wake ana lisansi na hana kazi ya kudumu (ni mimi huyo). Baba alipolala hospitali wiki sita, nani alileta chakula? Wa mama wa korali. Nani alisimama mlangoni na kulipa sehemu ya fakture ili aruhusiwe kutoka? Korali tena. Siku nilipomkalipia mama juu ya zile dola 50, alinijibu bila kupandisha sauti: «Weye unasomaka udongo, sikatai. Lakini siku baba yako alifungwa mu hospitali sababu ya deni, wa agronomi wenzako walikuwaka wapi?»

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina lote. Ninaloweza kusema ni hili: korali ililipa, muhubiri wa kampeni hakulipa. Mama wanane walichanga elfu tano, elfu kumi za franka, na yeye alishapanda gari. Roberts anafundisha kutofautisha chanzo na mfereji: chanzo ni Mungu, watu ni mifereji tu. Lakini maji ya baba yalipita mu mfereji ambao tunajua majina yake yote, na zile dola 50 hazikupita pale.

Msimu huu mbegu ya mama iko mu bido, imechanganywa na jivu, kifuniko kimefungwa na mpira. Zaka yake anaitoa kisha mavuno, kwa maharagi, na anaipeleka mwenyewe kwa wa mama wa korali. Mwezi wa nane kampeni ilirudi, na mtu wa kanisa akapita nyumba kwa nyumba na bahasha. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, nikasikia mama anamkaribisha, anamtafutia kiti, anamletea maji.

«Mbegu iko mu bido, pasta,» akamwambia. «Ukuje mu Januari.»