Tarbia ya Batcher

Chora mistari minne ya kulala. Funga wa kwanza na wa pili kwa kijiti cha wima, na wa tatu na wa nne vivyo hivyo. Halafu wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Mwisho wa pili na wa tatu. Vijiti vitano, hatua tatu. Namba zinaingia kushoto. Kila kijiti hupima mbili, ndogo hupanda, kubwa hushuka. Mtandao huu wa kupanga namba aliueleza Mmarekani Kenneth Batcher mwaka 1968, nami huusoma kama tarbia: mizani kwanza, maana baadaye.

Tia 7, 2, 9, 4. Hatua ya kwanza inatoa 2, 7, 4, 9. Ya pili haigusi kitu: vijiti viwili vimepima bure. Ya tatu inabadilishana 7 na 4, kazi imekwisha. Mhariri mwenye kalamu kali angeifuta ile hatua ya pili. Basi atie 9, 7, 4, 2: sasa ya pili ndiyo inayopanga zote, na ya tatu inakaa bure. Umbo halisomi kilichomo. Nani akutane na nani imeamuliwa kabla namba hazijafika, kwa hiyo vichakataji vya kompyuta vinavyofanya kazi ya vijiti hivyo havina haja ya kuulizana, na vijiti vya hatua moja vinafanya kazi kwa wakati mmoja.

Ila mchoro huu una udanganyifu wake. Kwa namba 1024 Batcher anahitaji hatua 55 tu, wakati njia ya kila mmoja kusemezana na jirani yake pekee huhitaji hatua 1024. Hesabu tamu! Lakini humo ndani kuna kijiti kinachomfunga mtu na mwenzake aliye nafasi 512 mbali naye, na karatasini kinahesabiwa sawa na kijiti cha majirani. Kwenye mashine, urefu huo ni safari ya data.

Digodigo, wilayani Ngorongoro, umbali haufichiki hivyo. Batemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, humwagilia kwa mifereji ya udongo, na zamu za maji zimo mikononi mwa wazee waitwao wenamiji. Mwanaanthropolojia Robert Gray aliandika habari za Batemi katika kitabu cha 1963. Hapo zamu ina uso: asiye nayo huenda kuomba. Tena maji yanayokwenda shamba la mbali hunywewa na ardhi njia nzima, kwa hiyo saa moja ya huko si saa moja ya karibu na banio. Mkulima wa chini ya mfereji ukimwonyesha mchoro wa Batcher, nadhani atauliza kwanza juu ya kile kijiti kirefu.

Mimi ningekichora kwa wino mzito, urefu wake wote, na karatasi ikiisha ningeunga nyingine.