Tantalamu Ilivyoipa Nguvu Kauri ya Fedha

Kapasita ya kauri hutoa nishati yake kufumba na kufumbua, kasi ambayo betri haiwezi kuifikia. Tatizo ni kwamba hubeba nishati kidogo. Kauri zilizopunguza tatizo hilo kwa muda mrefu zilitengenezwa kwa risasi, na risasi ni sumu. Mwaka 2017, kundi la Jing-Feng Li wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, likishirikiana na Shujun Zhang wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, lilionyesha njia isiyo na risasi: niobati ya fedha (kauri yenye fedha na metali ya niobiamu) iliyochanganywa na metali ya tantalamu.

Kauri hiyo ni ya kundi la antiferoelektriki. Ndani yake, safu za atomi zilizo jirani huelekeza chaji pande zinazokinzana, kama timu mbili za kuvuta kamba zenye nguvu sawa, hivyo jumla yake huwa karibu na sifuri. Voltiji ikipanda kupita kiwango fulani, safu zote hugeukia upande mmoja na kauri hujaa nishati. Ikishuka, safu hurudi katika ukinzani wake na nishati hutoka. Feroelektriki za kawaida hubaki zimeelekea upande mmoja hata baada ya voltiji kuondolewa, na sehemu ya nishati hukwama humo.

Niobati tupu ya fedha ina kasoro mbili: ukinzani wa safu zake ni dhaifu, na umeme huipasua mapema.

Tantalamu ilitibu zote mbili. Kwanza, ioni yake ina chaji sawa na ya niobiamu na ukubwa unaokaribiana, ndiyo maana metali hizi hupatikana pamoja katika madini ya koltani. Ioni hiyo inaingia nafasi ya niobiamu bila kuuvunja mpangilio wa fuwele. Lakini tantalamu haiyumbishwi na umeme kwa urahisi. Hivyo safu hushikilia ukinzani wake zaidi: hugeuka voltiji ikiwa juu, na hurejea mapema inaposhuka. Nishati inayovunwa huongezeka.

Pili, punje za kauri zilipungua ukubwa na kauri yenyewe ikashikamana zaidi. Uwezo wa kuhimili umeme ulipanda kutoka kilovolti 175 hadi 240 kwa sentimita. Tantalamu ilipochukua asilimia 15 ya nafasi za niobiamu, nishati iliyovunwa ilifika jouli 4.2 kwa sentimita ya ujazo, na kati ya nyuzijoto 20 na 120 haikuyumba kwa zaidi ya asilimia 5.

Gharama ipo. Fedha ni ghali, na oksidi yake huvunjika kwa joto, hivyo kauri huchomwa katika oksijeni. Ufanisi nao ulikuwa asilimia 69: karibu theluthi ya nishati iliyoingizwa hugeuka joto. Katika kifaa kinachojazwa na kumwagwa mara nyingi kwa sekunde, joto hilo lazima lipunguzwe kabla kauri hii haijachukua nafasi ya ile ya risasi.