Mikono ya Nyawir

Jumapili moja, kwenye mkutano wa vijana kanisani hapa Kombewa, mhubiri mgeni alituambia sisi wasichana tuachane na mambo ya jimu. Misuli ni ya wanaume, alisema, kisha akafungua Mithali 31. Asubuhi hiyo nilikuwa nimebeba mtungi wa lita 20 kichwani, safari tatu. Maji hayo hayo ndiyo aliyonawa kabla ya kula.

Sidhani alifika mstari wa 17. Pale mwanamke anayesifiwa anajifunga nguvu kiunoni na kuimarisha mikono yake. Halafu kuna hili: neno la Kiebrania linalomweleza, hayil, ndilo linalotumiwa kwa watu wa vita. Gideoni akiitwa hivyo, Biblia yetu ya Union ya 1952 inasema "shujaa". Mama huyu akiitwa hivyo, ni "mke mwema". Wema sina ugomvi nao, jamani, lakini misuli imeachwa njiani.

Ndiyo maana nimerudi kusoma Miaha ya Grace Ogot, binti wa Asembo, majirani zetu. Aliiandika kwa Dholuo, ikatoka 1983. Nyawir ameolewa katika nchi ambako jembe hujilimia lenyewe. Unaliweka shambani, unaenda zako. Yeye anavunja mwiko, analishika, analima kwa mikono yake. Tangu hapo binadamu wanatoka jasho.

Wengi watasema basi, huyu ni Hawa mwingine, mwanamke ameharibu tena. Ogot alilelewa katika nyumba ya Kikristo. Sioni vipi hakumfikiria Hawa. Lakini Hawa alinyoosha mkono achukue tunda, Nyawir akanyoosha wake afanye kazi. Kwangu tofauti hiyo ndiyo kitabu chenyewe.

Tena angalia jina. Miaha ni bibi arusi tu, full stop. Okoth Okombo alipokitafsiri kwa Kiingereza kikawa The Strange Bride, bibi arusi wa ajabu. Tafsiri moja ilimpunguzia mwanamke nguvu, nyingine ikamwongezea uajabu kwa sababu anazo.

Nilitaka kumweleza mama haya yote pale sokoni. Alikuwa anainua gunia la omena kuliweka kwenye bodaboda.

"Nyathina," akasema, "shika huku kwanza."