Kabla ya Bei, Shimoni Kwanza

Chuma hakina sababu kubwa ya kuoza Songea. Mji uko mbali na bahari, mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kukatika mnamo Aprili au Mei, kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu na baridi. Pikapu zilizozeekea hapa zikibeba mahindi ya Namtumbo na kahawa ya Mbinga zina bodi zilizobonyea na kuchubuka, lakini ukizigeuza utakuta chesi bado ngumu. Kutu inayowasumbua mafundi wa mji huu imekuja kwa meli.

Imetoka Japani, kwenye mikoa ya theluji kama Hokkaido, Aomori na Niigata, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Zamani madereva wa huko walivalisha magari yao matairi yenye misumari wakati wa baridi. Matairi hayo yakawa yanachimba lami na kujaza vumbi hewani, hadi sheria ya mwaka 1990 ikayapiga marufuku, na chumvi ikaongezwa barabarani. Chumvi hiyo huruka pamoja na maji, huingia katika kila kona ya uvungu wa gari na kukaa humo. Ile ya kalsiamu huvuta unyevu hata hewani, kwa hiyo chuma hubaki kibichi siku ambayo tone halikudondoka. Nasi, kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto kama wao, ndio wateja wa magari hayo yanapochokwa.

Ndiyo maana katika gereji moja pembeni ya barabara ya Mbinga yupo mzee ambaye watu humpelekea magari asiyoyatengeneza. Kazi ya chuma aliipata Peramiho, kwenye karakana za Wabenediktini, mwendo wa kilomita zipatazo 25 kutoka mjini. Kuchomelea ameacha kwa sababu ya macho. Siku hizi anakagua, na analipwa kwa kukagua, gari linunuliwe au lisinunuliwe.

Siku niliyokaa naye aliletewa Toyota Hiace ya aina isiyoonekana sana kwetu. Huko ilikotoka ilikuwa imegeuzwa nyumba ya safari: nyuma kitanda cha mbao chenye godoro la kukunja, ubavuni kabati na sinki dogo, na chini ya sinki madumu mawili, moja la maji safi na jingine la maji machafu. Kijana aliyeitaka ana mpango wa kuwapeleka wageni Ziwa Nyasa, kwa kuwa sasa lami inafika hadi Mbamba Bay. Dalali ndiye aliyeiendesha hadi pale.

"Shikamoo mzee. Gari limenyooka hili, halidai hata mia."

"Marahaba. Weka breki ya mkono."

Dalali alitaka ipigwe maji kwanza ipendeze. Mzee akakataa. Tope lililokauka linaonyesha mahali ambapo maji hutuama, na ukiliosha unabaki na gari safi lisilokwambia kitu. Akaisogeza Hiace juu ya shimo, akaweka mawe mbele na nyuma ya matairi, akangoja ekzosi ipoe. Alipokuwa akingoja hakukaa. Alifungua mlango wa ubavuni, akainua zulia la plastiki na kumulika sakafu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ufundi wake. Mimi nilikuwa natafuta wekundu. Yeye alikuwa anatafuta skrubu. Aliyefunga kitanda na kabati alitoboa bati la sakafu, na kila tundu lililotobolewa baada ya gari kutoka kiwandani lina ukingo usio na rangi. Mzee alizifuata skrubu moja baada ya nyingine kwa kidole. Penye gundi ya kuzibia alipita. Chini ya dumu la maji machafu alikuta matundu makavu yasiyozibwa, na kando yake bati limevimba chini ya rangi. Alilala kifudifudi, akaweka tochi sakafuni ili mwanga upite kwa ubavu. Ukimulika kutoka juu sakafu ile ni tambarare. Mwanga wa ubavuni uliinua vipele vidogo, kila kimoja na kivuli chake. Akachukua chaki, akapiga mstari.

Chaki yake ina alama tatu tu. Duara maana yake acha hivyo. Mstari ni brashi ya waya, dawa ya kutu na rangi. Msalaba ni kukata na kuchomelea chuma kipya.

Kisha akaingia shimoni, na kijana nyuma yake. Kitu cha kwanza kilichomtisha kijana kilikuwa ekzosi, nyekundu kutoka mbele hadi nyuma. Mzee aliipita kama haipo. Akaipita pia difu, ambayo gamba lake lilikuwa limevaa kutu nene ya kahawia. "Hiyo chuma chake kinene, mwanangu. Itatuzika wote." Akachora duara kubwa juu yake na kusogea.

Kilichomsimamisha ni mahali palipopendeza. Nyuma, upande wa kushoto, mhimili na mabano ya springi vilikuwa vyeusi, vinang'aa. Mzee hakugusa chuma. Aligusa mpira: bushi ya springi, nayo nyeusi inayong'aa. Halafu waya wa sensa ya breki, vilevile. Kiwanda hakipaki rangi mpira wala waya. Anayefanya hivyo ni mtu mwenye bomba la kupulizia na haraka ya kuuza. Dalali, aliyekuwa amechuchumaa juu, akasema ni rangi ya kinga tu. Mzee akajibu kwa upole kwamba kinga haina kosa, ila yeye anataka kuona inachokinga.

Ndipo nyundo ikatoka. Ni ndogo, yenye kichwa cha duara, mpini wake umelainika kwa jasho. Haipigi kwa nguvu. Anaiachia ianguke kwa uzito wake mwenyewe, kila baada ya upana wa vidole vinne, akianzia mbele. Hiace haina chesi ya peke yake kama Coaster. Mihimili yake imechomelewa pamoja na sakafu, na mingi ni ya mraba yenye uwazi ndani. Ikiliwa, huliwa kutoka ndani, hivyo jicho hukuta nje pazima hadi siku panapotoboka. Sikio huwahi. Mhimili wa kulia ulilia mlio mmoja mkali, mrefu, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Wa kushoto ulilia vilevile, ukalia, ukalia, na ulipofika karibu na mabano ya springi sauti ikafa. Mzee akarudi nyuma hatua mbili akaanza upya, taratibu zaidi. Ikafia palepale.

Hakuharakisha kutoa hukumu. Puti huua sauti, tope lililojaa ndani huua sauti, na rangi nene ya lami huipunguza. Kila kimoja kina kipimo chake. Kwanza alipitisha sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa. Ikanata, kwa hiyo si puti. Kisha akatafuta tundu la kutolea maji, lile ambalo kiwanda huliacha chini ya mhimili, akalikuta limezibwa na ile rangi nyeusi. Akalizibua kwa ncha ya bisibisi. Mfukoni alikuwa na spoku ya baiskeli iliyopindwa ncha. Aliiingiza tunduni, akaizungusha, akavuta polepole huku kiganja cha mkono mwingine kikingojea chini.

Kilichodondoka kwanza kilikuwa vumbi jekundu, na hilo halikumshughulisha. Kisha vikaja vipande vyenyewe, vyepesi, vimebabuka tabaka juu ya tabaka kama magome ya mkaratusi. Alikunja kimoja kikavunjika. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokula, alimweleza kijana, ndiyo maana hutanua na kusukuma. Ukikuta magamba, jua kilichobaki ukutani ni chembamba. Akaomba ruhusa ya dalali, akaegemeza bisibisi kwenye mhimili, kandokando ya mabano. Hakudunga. Alibonyeza kwa kidole gumba, sawasawa, hadi bati likabonyea, na alipoondoa mkono halikurudi.

Msalaba.

Mabomba ya breki alimaliza kwa vidole, akitafuta uvimbe kwenye vibanio, maana unyevu hujificha hapo kati ya bomba na kibanio chake. Hakukuta kitu. Matao ya magurudumu yalikuwa na tope la Japani bado, jeusi, si jekundu la kwetu. Alilikwangua na kukuta rangi ya kiwandani. Chini ya ngazi ya mlango wa ubavuni alichora mistari miwili.

Walipotoka shimoni kijana alitoa kwenye simu picha ya karatasi ya mnada. Mzee hasomi Kijapani, lakini herufi zile anazijua: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Kwenye mchoro wa gari, nyuma kushoto, palikuwa na C. Nilitazama kama atajisifu. Alirudisha simu na kwenda kunawa.

Hukumu yake ilichukua dakika chache. Mhimili wa kulia na sehemu kubwa ya wa kushoto ni mizima. Mabano ya springi yashushwe, mhimili ukatwe hadi penye mlio mzuri, na kipande kipya kiwe na unene uleule wa mwanzo, si bati la bodi ambalo halifiki hata milimita moja. Matundu ya skrubu yazibwe kabla ya mvua. Gari linanunulika, akasema, ila kwa bei ya gari linalodai. Dalali akaenda pembeni kumpigia mwenye mali.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua gari la mtumba, la kulala au la kubebea abiria, mwambie muuzaji mapema kwamba halitaoshwa na kwamba litaingia shimoni. Akikataa, usijisumbue kuuliza bei.