"Milele" ni Muda Gani? Mababa wa Kanisa na Wokovu wa Wote

Katika mijadala yetu hurudiwa sana dai kwamba Wakristo wa kwanza waliamini watu wote wataokolewa, hadi Augustino alipoleta jehanamu isiyo na mwisho. Dai hili limetiwa chumvi. Tertuliano wa Karthago alikwisha kuandika juu ya moto usiokoma miaka 200 hivi kabla yake.

Hata hivyo, waliotumaini wokovu wa wote hawakuwa kikundi cha pembeni. Origen wa Aleksandria, katika karne ya 3, alifundisha kwamba viumbe vitarejeshwa kwa Mungu. Kwa bahati mbaya, kitabu chake kikuu kimetufikia zaidi kwa Kilatini cha Rufino, ambaye alikiri kwamba alirekebisha sehemu alizozitilia shaka. Augustino mwenyewe, katika Enchiridion, anakubali kuwa ni wengi mno wasioamini kwamba adhabu hiyo haina mwisho. Mpinzani akikiri wingi wa anaowapinga, tumsikilize.

Ugomvi wenyewe unazunguka neno moja la Kigiriki, aionios, linalotokana na aion, yaani zama. Katika Mathayo 25:46 linaeleza adhabu na uzima pia. Augustino akauliza: ikiwa uzima hauna mwisho, adhabu itaupata wapi? Hoja hii ni nzito, na watetezi wa wokovu wa wote huipita mbio. Wao hukimbilia Warumi 16:25, ambako neno hilohilo linaeleza nyakati zilizokwisha kupita. Wengine husema Kigiriki kilikuwa na aidios kwa kitu kisichokoma kabisa. Sawa, lakini Yuda 6 inalitumia kwa vifungo vya malaika vinavyongoja siku ya hukumu! Kamusi peke yake haiwezi kukata kesi hii.

Kwangu mimi shahidi bora ni Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4 aliyezaliwa na kulelewa katika Kigiriki. Katika hotuba yake kuu ya katekesi, sura ya 40, anaonya juu ya moto usiozimika. Katika sura ya 26 ya kitabu hichohicho anasema hata aliyeanzisha uovu ataponywa. Gregori hakuona mgongano, kwa kuwa kwake moto ulikuwa wa kutakasa. Augustino, ambaye Kigiriki kilimpa taabu tangu shuleni, alisoma aeternus ya Kilatini. Mwaka 543 kaisari Justiniano alilaani mafundisho ya Origen, likiwemo hili la adhabu kuwa na mwisho. Gregori hakuguswa, na hadi leo ni mtakatifu wa Mashariki na Magharibi.

Biblia yetu ya Kiswahili, Tafsiri ya Muungano, imeweka "milele" pande zote mbili za aya ile ya Mathayo. Silaumu, maana mfasiri lazima achague. Ila msomaji wa Kiswahili hana hata ufa mdogo wa kumwonyesha kwamba hapo palikuwa na mjadala.